Viti Vyako Wamevipaka Dhahabu

Zuhura, mtani wangu,

Sikuulizi hali. Wewe ndiye uliyeondoka bila kuaga, kwa hiyo wewe ndiye uliyepaswa kuanza kunisalimia. Nimekaa barazani kwangu Madale, vumbi la kilimani linatua juu ya karatasi, na nina hasira ambayo sina wa kumpelekea. Mume wangu nimeshamchosha. Jana aliniambia, "Mama Kulwa, ya Zuhura mwambie Zuhura." Basi nakuambia.

Wamevipaka rangi. Viti vyako. Rangi ya dhahabu, ile ya mageti ya watu wanaotaka kuonekana.

Siku ya arobaini yako nilifika Tabata asubuhi, nimebeba mchele wangu kama watu wengine. Nikasukuma geti, nikaona uani kunang'aa, nikadhani wamekodi viti vya harusini. Nikasogea. Kumbe ni Bi Harusi wetu, kile kiti cha nondo zilizosokotwa kama shela, kinameremeta kama jino la tapeli. Pembeni yake stuli ya Kaa, imepakwa mpaka makucha. Halafu nikamwona Miba, kile kiti chenye mgongo wa miba ya chuma. Nikapitisha kiganja mgongoni mwake, na kiganja kikateleza. Miba yote imekatwa kwa grinda, vimebaki visiki vimelainishwa kwa msasa na kupakwa dhahabu. Nikakaa chini mchangani nikaangua kilio. Wanawake wakaja kunishika mabega wakidhani nakulilia wewe. Nilikuwa nalilia chuma, Zuhura. Ungekuwa mimi ungelia hivyo hivyo.

Mwanao Hamisi akaja mbio kuniinua. "Shikamoo mama. Umeona tulivyompendezesha mama?" Ndivyo alivyosema, na uso wake una furaha ya mtu anayesubiri kusifiwa. Akanieleza kwamba amekesha akipaka. Aliona watu watasema mama yake kafia kwenye makutu, na ile miba ingechana mabaibui ya wageni. Nilitafuta tusi la kumpa nikalikosa. Laiti angekuwa na roho mbaya, ningejua la kumfanya. Mtu anayeharibu kwa mapenzi unampiga wapi?

Na wewe nakulaumu, usijifiche. Mtoto umemlea katikati ya viti vile tangu anatambaa, na neno pekee ulilomwambia ni "usiguse". Hukumwambia kwamba Bi Harusi alikuwa mapokezi ya ofisi yetu, tulipokuwa makarani vijana, na siku mabosi walipoleta sofa za plastiki zinazojifanya ngozi wakamtupa nyuma ya choo. Hukumwambia kwamba ulimbeba kichwani mpaka nyumbani, wanaume wa ofisi wanakucheka, na mimi nyuma yako nimebeba viatu vyako na nakucheka zaidi yao, kwa sababu mtani asipocheka nani atacheka? Wala hukumweleza habari ya wale vijana wa studio ya Kinondoni, waliosomea sanaa halafu wakaacha kuchora picha wakaanza kuchomelea. Walichora kiti kwa chaki sakafuni, wakakunja nondo kufuata mstari, kiti kikisimama wakaifuta chaki kwa ndoo ya maji ili kisiwe na pacha. Kila kimoja ni kimoja tu duniani. Studio ikafa, wenyewe wakatawanyika, na viti vyao vikaishia kwenye mabaa, kwenye vyumba vya walinzi, kwenye yadi za vyuma chakavu. Sisi wawili tukavifuata huko kote kama mbwa wanaonusa mfupa. Kaa tulimtoa chini ya beseni la mama lishe Temeke, na mama huyo ulimpa sufuria yako nzuri kuliko zote ili akubali.

Ukivileta nyumbani ulikuwa huvigusi kwa kitu ila kitambaa na mafuta ya nazi kidogo. "Mzee hapakwi poda," ulikuwa unasema. Kutu ile nyekundu ya udongo, iliyokaa pale miaka kwa miaka, ndiyo iliyokuwa ngozi yao. Sasa ngozi haipo.

Ngoja, hilo lilikuwa dogo. Nilipoanza kupata pumzi, Hamisi akaniambia kwa sauti ya kunituliza nisijali sana, maana viti vyenyewe vinaondoka. Kesho yake yule wa vyuma chakavu anakuja na kirikuu, kigari chake cha mizigo, kuvichukua vyote. Wanataka ua uwe wazi wachimbe msingi wa vyumba vya kupangisha. Mapambo yale yalikuwa ya siku moja tu, ya kukuagia.

Nikaenda naye nyuma ya banda la kuku nikaongea naye kistaarabu, jambo ambalo unajua linanigharimu. Nikamweleza yote ambayo wewe hukumweleza. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mie nakuelewa, ila hayo ni mambo ya familia." Akaenda kuangalia maji ya wageni. Nikabaki na kuku. Maisha yetu yote tuliyozunguka jua likituwakia, nami si mtu wa familia. Rafiki hana fungu kwenye mirathi, Zuhura. Hata kitambaa cha mafuta sina haki ya kukidai.

Lakini wewe Mzaramo na mimi Mnyamwezi. Rafiki hana chake msibani, ila mtani anacho, na haki yake inakwisha watu wakishatawanyika. Nikajifunga kanga kiunoni. Nikambeba Miba mwenyewe, na mgongo wangu huu, nikamweka katikati ya geti nikamkalia, mabinti wanaotoa masinia ya pilau kwa wanaume waliokaa nje wakakosa pa kupita. Nikapaza sauti. Nikasema aliyekufa humu ni mtumwa wangu, mchoyo, mwizi, mla kisamvu asiyejua kushiba, amekufa na viti vyangu, na pilau halitoki mpaka mali yangu itoke. Watu wakacheka mpaka shehe akajifunika mdomo. Ndiyo kwanza msiba wako ukachangamka. Waliokuwa wamesinzia wakaamka.

Hamisi akaja anacheka na yeye, akanipa noti kama ilivyo ada ya kumkomboa mtu kwa mtani. Nikairudisha mfukoni mwake. "Sitaki hela. Nataka viti, vyote, na kirikuu cha kuvibeba." Kicheko kikapungua. Akanitazama akaona sitanii, na pia akaona kwamba natania, na hapo ndipo nilipombana, kwa sababu utani haukatazwi na aliyeufanya haulizwi. Kaka yako mkubwa, yule mwenye jicho bovu, akasema kutoka kwenye jamvi, "Mtani huyo. Mpeni, pilau linapoa." Na kikishachukuliwa na mtani hakirudi. Hamisi alilijua hilo kama ninavyolijua mimi.

Mpaka leo linaniuma. Niliposema kweli kwa heshima, nilikuwa mgeni. Nilipotukana nikapewa kila kitu.

Viko hapa. Nimejaza baraza na sebule, mume wangu anaingia chumbani kwa ubavu. Jumapili iliyofuata nikasikia hodi, ni Hamisi, ametoka Tabata na kopo la dawa ya kuondoa rangi na brashi za waya. Sikumkaribisha chai. Nilimwonyesha Kaa nikamwambia aanze na makucha. Amekuwa akija kila Jumapili. Rangi inatoka, ila inatoka na ngozi, chini yake chuma kimebaki cheupe kama mtu aliyetoka hospitali. Nikikiona natukana, naye anainamisha kichwa anaendelea kusugua. Juzi akaniomba alete nondo amchomelee Miba miba mipya. Nikamkatalia. Aliyeichora aliifuta chaki yake, hakuna wa kuichora tena, si yeye wala si mimi. Atabaki na visiki vyake na mtu akiuliza nitamweleza.

Halafu akaniuliza jambo, mgongo amenipa, anasugua. "Sasa mama, sie tutavipataje tena? Nimeanza kuvipenda." Hasira ikanipanda upya, maana angevipenda mwezi mmoja kabla. Nikamwambia simpi hata stuli, cha mtani hakirudi. Ila njia aliiona kwa macho yake. Siku nikifa aje Madale na kirikuu, akae langoni, anitukane mbele ya Kulwa na Doto na wajukuu wote, na akipewa hela akatae. Akasema yeye hawezi kunitukana, mimi ni mama yake. Nikamwambia atajifunza. Jumapili iliyopita alijaribu, akaniita mzee mkaidi, kisha akaomba radhi. Bado sana.

Kazi hiyo ilikuwa yako, Zuhura. Tulishakubaliana mimi ndiye nitakayetangulia, na wewe ndiye utakayekuja kunivurugia msiba. Umevunja ahadi na sijakusamehe. Nakuahidi viti havitafika kwenye mizani ya vyuma chakavu nikiwa hai, na nikifa mwanao atakuja kuvichukua kwa matusi mazuri, hata kama itanibidi kumfundisha tusi moja moja. Kapumzike, mtumwa wangu.

Pale getini, nilipokuita mchoyo, nilinyamaza kidogo. Watu walidhani navuta pumzi. Nilikuwa nakungoja unijibu.

Mtani wako,
Mama Kulwa