Kingi wa hatua moja

Mbazi, acha unachofanya usome hii. Hamidu amenifunga drafti leo kijiweni, na hajanifunga kwa akili.

Mchezo wangu unaujua. Natoa kete tatu ziliwe, watu wanacheka, ya nne inapenya, inakuwa kingi, halafu inafagia ubao kona hadi kona. Leo imepenya vizuri kabisa. Naishika nivuke nayo, Hamidu ananidaka mkono.

"Kingi siku hizi anatembea hatua moja tu."

Hatua moja. Nikajua ananitania. Nawatazama wenzake, kila mtu kageukia barabarani kama basi la Moshi limembeba mama yake.

"Tulikubaliana Jumapili. Hukuwepo."

Eti sikuwepo. Jumapili nilikuwa kijijini Ndungu namzika shangazi, na aliyechangisha rambirambi pale kijiweni ni huyo huyo Hamidu.

Yaani nimetoa kete tatu nikapata mzee wa kujikongoja. Anachozizidi kete nyingine ni kurudi nyuma, basi.

Nilipofungwa nikamimina kete zangu za vizibo mfukoni, nikabeba ubao wangu, nikaondoka. Hakuna aliyeniita.

Sasa niko nyumbani, nacheza peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, kwa sheria yao, nitafute ubovu wa kwenda kuwaumbua nao. Nimerudia mpaka chai imepoa.

Mbazi, mchezo umenoga kuliko zamani. Hutoi kete ovyo, kila hatua unaiumizia kichwa.

Hiyo ndiyo inaniuma. Wangenisubiri nimalize kuzika tu, mkono wa kwanza kunyooshwa kuikubali sheria hiyo ungekuwa wangu.