Kiraka cha Jua Nyuma ya Choo

Bagira, Jumamosi. Jua kali tangu saa nne. Mimi, kiza moyoni.

Ninatangaza rasmi, mbele ya parcelle nzima, ua wetu wote, na kuku wawili wa jirani: kile kiraka cha jua nyuma ya choo chetu, upana wa mkeka mmoja, kina mwenyewe. Mwenyewe ni mimi.

Ilifaa nitangaze wiki mbili zilizopita.

Huku kwetu nyumba zimebebana mlimani, jua la maana linaanguka pale tu. Pale niliweka mabeseni matatu ya maji ya bluu, yale wanayomwaga wamama wanaotia vitambaa rangi. Ndani ya kila beseni, chini kabisa, nilitandaza poda nyeupe ya titani, ile ile inayofanya rangi ya ukuta iwe nyeupe. Nilijifunza yote kwenye simu. Poda ni kichocheo: haipungui kwa kazi, lakini peke yake haifanyi kitu. Jua likiipiga ndipo inaamka na kuvunja ile rangi ndani ya maji.

Bila jua, ni vumbi.

Maman Furaha, mkubwa wa wale wamama, aliahidi: maji yakitakata, wataacha kuyamwaga mu mfereji unaoshuka ziwani, na paa lao lote, lenye jua kutwa, litakuwa langu. Yasipotakata, nisiwasumbue tena.

Leo asubuhi nikapeleka chupa ya maji ya mabeseni. Bluu kama sare ya shule.

"Ingénieur," akasema, "hii maji yako iko na rangi kupita yetu!"

Wamama walicheka mpaka wakashikana mabega. Jumatatu wanamwaga kama kawaida.

Nikarudi nyumbani saa sita, bila kutarajiwa. Mihogo ilikuwa imelala mkekani, inaota jua langu. Mabeseni yangu yalikuwa kivulini ukutani mwa choo, yamefunikwa kikwembe cha kujifunga kiunoni.

Kikwembe cha yaya Nabintu, dada yangu mkubwa. Mtu pekee ambaye hakuwahi kunicheka. Kila nikienda kazini nilimwachia mabeseni na cahier ya kuandika hali ya jua, na kila siku aliandika kwa mwandiko wake safi wa katekista: "Jua kali."

Hakudanganya. Jua lilikuwa kali, juu ya mihogo.

"Ulisema nichunge maji yako," akaniambia, huku anageuza vipande. "Kuna hata tone ilimwangika? Na hii mihogo ingeoza, tungekula poda?"

Wiki mbili hizo zote nililaumu poda. Nililaumu mawingu. Usiku nililaumu kichwa changu, ambacho hakikumaliza shule. Yeye sikumlaumu hata mara moja.

Kunicheka ningemsamehe. Lakini kila jioni aliyarudisha mabeseni mahali pake, akainama nami juu ya maji, akasema: "Iko inaanza kutakata, petit. Vumilia."

Bugali ya leo ilitoka mu ile mihogo iliyotangulia kukauka. Nimekula, nikaomba niongezewe.