Mzee Hajapata Choo, Nami Nimesema Amepata

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia, nisaidie. Mimi ni muuguzi kutoka Meru, niko wodi ya wanaume hapa Isiolo, na tuna mzee wa Kiborana, Denge, aliyepasuliwa ngiri wiki iliyopita, Kiswahili hajui, wanawe wamezuiliwa kambini kwa sababu ya vita hivi vya shifta, kwa hivyo anayemtafsiria ni Tiya, mke wa mwanawe, na kila asubuhi nikimwambia, "Tiya, uliza mzee kama amepata choo," anainamisha kichwa, ananong'ona, halafu ananijibu, "Ndiyo, sista," nami namwambia matroni mzee ameenda vizuri, kumbe leo nimemkuta Tiya nje akilia, akaniambia, "Sista, kwetu mimi siwezi kutajia baba mkwe maneno hayo, nilikuwa nauliza tu kama amelala." Mzee hajaenda tangu apasuliwe! Tumbo limevimba, uji ameukataa, na sasa anatapika. Mpishi wetu Umuro ni Mborana, angemuuliza, lakini watu wanasema ana ndugu msituni pamoja na shifta, na ukionekana naye pembeni askari wanakuhoji. Nikisema ukweli nitafukuzwa kazi. Nifanye nini?

Mwenye Hofu, Isiolo

Binti yangu,

Pole. Lakini mgonjwa anatapika, nawe unatafuta stempu?

Tiya usimlaumu. Wewe ndiye uliyempa kazi asiyoiweza, na tumbo la mzee ungelipapasa mwenyewe, halihitaji mkalimani. Chakula cha Umuro unakula kila siku, iweje uogope kumwomba maneno mawili? Mwite wodini, mchana, mbele ya matroni, askari asikilize akitaka.

Mzee asile wala asinywe kitu mpaka daktari amwone, na asipewe dawa ya kuharisha, ya duka wala ya miti. Wagonjwa wengine usingoje wavimbe. Kulala tu na dawa za maumivu hufunga tumbo, kwa hivyo daktari akiruhusu wape maji mara kwa mara, mapapai, mboga, na uwainue watembee hata mpaka mlangoni. Weka pazia, maana hakuna mwanamume atakayejisaidia wodi nzima ikimtazama. Haja ikija mgonjwa asiizuie, wala asijikaze, mshono utafumuka.

Kuhusu matroni, nimekwisha kumwambia. Nilipoisoma barua yako sikungoja gazeti lichapwe, nilipiga simu hapo hospitalini kwenu nikasema yote. Unichukie ukitaka. Kama bado una kazi sikuuliza. Niliuliza habari za mzee tu, nikaambiwa bado anapumua na daktari yuko naye.