Kibao cha Mafuriko Tulichokishusha

Nyumba ya Chini, Njia ya Kanisa,
Apperstoke, kando ya Mto Severn.
9 Novemba 2023

Mpendwa dada yangu Mavis,

Hujambo huko Saskatchewan? Magoti yanasemaje? Meno je, bado ni yako au ni ya dukani kama yangu? Na shemeji Gordon, bado anakoroma mpaka ng'ombe wanaamka? Mimi mzima. Nina miaka themanini na mbili na bado ndimi mwanaume mzuri kuliko wote Apperstoke, ingawa wenzangu karibu wote wako makaburini, kwa hiyo ushindani umepungua.

Matufaha mwaka huu yamezaa mpaka matawi yakavunjika. Kasisi mpya ni mwanamke, na kengele anazipiga vizuri kuliko marehemu babu yetu. Mikunga, wale samaki kama nyoka, wameadimika mtoni. Wa mwisho niliyemnasa alikuwa mrefu kama... basi, tuache. Leo sitaki kutia chumvi.

Mavis, nimekwisha. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumlilia.

Unakikumbuka kile kibao cha chuma kwenye ukuta wa baa ya Nanga? Kile baba yako, mjomba wangu Horace, alichokipigilia kuonyesha maji yalipofika mwaka arobaini na saba. Mimi nilikuwa najisifu kwa mafuriko yangu ya mwaka sitini, nilivyopanda beseni la kufulia kwenda kumwokoa nguruwe wa kasisi. Na kila nikijisifu, baba yangu ananinyooshea kidole ukutani: "Hayo yako ni mate tu, Percy. Mafuriko ni yale pale."

Nikachoka. Kiangazi kilichofuata, siku ya mashindano ya mashua, kijiji kizima kikiwa mtoni, mimi na wewe tukakishusha. Wewe mtoto wa fundi ulikoroga saruji, mimi nikashika patasi. Kozi kumi, yaani safu kumi za matofali! Kibao cha arobaini na saba kikawa chini ya kile changu, nilichokipigilia mwenyewe kwa mafuriko ya sitini. Baba alipokiona alikuna kichwa tu. Mpaka anaingia kaburini aliamini kumbukumbu zake ndizo mbovu. Hilo nalo ninalo moyoni.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka sitini na mbili, na njia nzima watu wananinunulia bia.

Sasa sikia. Kamati ya kijiji imejenga nyumba sita kule malishoni, pale chini tulipokuwa tunaanika nyasi. Bi Dowding, yule mwandishi wa kitabu cha historia ya kijiji, akapima vibao vyote viwili, akachukua changu kuwa ndicho cha juu kabisa. Kamati ikapandisha sakafu kozi moja juu yake, ikaridhika. Maji ya arobaini na saba yakirudi, yatafika kwenye godoro la mtoto.

Nasema godoro la mtoto kwa sababu mjukuu wangu Tamsin kapewa nyumba ya mwisho, ile iliyo jirani na mto, yeye na kichanga chake Edie. Wanahamia tarehe tisa Desemba. Mvua haijakata tangu Oktoba, na malisho yameshaanza kung'aa kwa maji.

Nimeungama, Mavis. Nilisimama ukumbini mbele ya mkutano, kofia mkononi, nikasema yote. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. "Na nguruwe alikuwa wapi, Mzee Percy?" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma. Bi Dowding akanishika bega.

"Mzee wangu, si wewe mwenyewe uliniapia? Kitabu kimeshachapwa."

"Nilidanganya, mama."

"Basi na hii utakuwa unadanganya."

Nikavaa kofia yangu, nikatoka.

Nikaenda Nanga na patasi kutafuta matundu ya zamani ukutani, mahali kibao kilipokuwa. Kumbe walishapiga plasta mpya zamani. Nilibandua kipande cha ukubwa wa sinia, kiti nilichosimamia kikateleza, nikaanguka chali. Mwenye baa akaninyang'anya patasi.

Aliyeniumiza zaidi ni Tamsin. Alikuwa anafungia vikombe vyake kwenye magazeti.

"Babu, sema tu hutaki niondoke hapa."

"Sitaki uondoke. Lakini kibao..."

"Kila nikitaka kwenda mahali unanitungia kitu. Nilipopata kazi Bristol ulisema daktari kakupa miezi mitatu."

"Nilikuwa naumwa!"

"Ulikuwa na jipu, Babu."

Ni kweli, lilikuwa jipu.

Wewe atakuamini. Kadi zako za Krismasi kazitunza zote, na mwandiko wako anaujua. Mwandikie yeye, usiniandikie mimi. Mwambie siku, mwambie kozi kumi, mwambie nani alikoroga saruji. Najua uliniapisha nisiseme, kwa ajili ya heshima ya kazi ya baba yako. Kiapo hicho nimeshakivunja pale ukumbini, naomba unisamehe. Simu usijaribu, masikio yako nayajua, mtasikilizana vibaya mwishowe umwambie nimekufa. Na ukidhani hii nayo ni hadithi yangu nyingine, basi tena, maana siku ile tulikuwa wawili tu.

Barua yako isipofika kabla ya tarehe tisa, nahamia nao. Nimeshamwambia Tamsin nataka chumba cha chini, karibu na mlango. Kafurahi, kanibusu, anadhani nimekubali yaishe. Nitakaa pale na fimbo yangu napima maji mpaka majira ya kuchipua. Hapa kijijini wote wanajua kwamba Percy Tandy aliuogelea Severn kwenda na kurudi, kiko cha tumbaku mdomoni, nacho hakikuzimika. Wewe peke yako duniani ndiye unayejua kwamba sijui kuogelea.

Nisalimie shemeji Gordon, na binti yako Joyce na watoto wake. Edie anakusalimu kwa kupuliza mate, ndiyo lugha anayoijua. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuusoma mwandiko huu mbovu, na mkono usiotetemeka wa kumwandikia mjukuu wangu.

Nduguyo akupendaye, ambaye leo hadanganyi,
Percy