Wasomaji Wananililia Saluni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijafunga saluni. Mimi ni msusi, na mwaka jana nilitoa kitabu kuhusu vita vilivyotukuta nikiwa mtoto, jinsi watu wetu walivyouawa katika shule walikokimbilia, tukapona mimi na shangazi yangu, nikadhani nikishaandika nitapumua, kumbe nimejitafutia kazi ya pili, maana wasomaji wanakuja saluni kulia, tena si kilio cha kufuta kwa leso, wanalia mpaka mimi niliyeponea chupuchupu ndiye ninayewabembeleza, nawapa maji, nawaambia pole, yatapita, huku mteja kitini nywele za upande mmoja zimesukwa na za upande wa pili zimesimama.

Wateja wangu wa zamani nao hawanigombezi tena, juzi nilimuunguza mmoja sikio kwa pasi ya nywele akaniambia ahsante, eti hilo si kitu ukilinganisha na niliyopitia, na mwingine akalalamika kwamba kitabu ni kizuri ila hakijamliza, wakati jirani yake alianza kulia ukurasa wa tatu, je, yeye ana kasoro? Wifi yangu kasoma ukurasa mmoja tu, ule aliotajwa, na hasemi na mimi kwa sababu nimeandika kwamba anakoroma. Mwezi uliopita nikacheza kwenye arusi ya binamu, msomaji mmoja akanifuata katikati ya ukumbi akaniuliza kwa upole kabisa kama mimi si yule wa kitabu, nikaenda kukaa kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Sasa kuna mama mmoja, mtu mzima, huyo halii. Binti yake alikuwa shule ileile, na gauni la njano. Aliniuliza, "Mwanangu, ulimwona? Aliogopa?" Mshauri, sikumwona, kulikuwa na moshi na watoto tele, lakini nikamwambia ngoja nikumbuke, na tangu hapo anarudi kila wiki, namfumua nywele ambazo hazijachakaa, ananitazama kwenye kioo, anasubiri. Mume wangu anasema nimwambie nilimwona na alikuwa ametulia, kwani uongo wa kumpoza mtu hauna dhambi. Nisemeje?

Msusi Niliyechoka

*

Msusi, pole. Lakini umenisimulia sikio na mkoromo weee, jambo lenyewe ukalificha mkiani, kama mwenye jino bovu anayecheka mdomo umefungwa.

Hao waliaji umewazoesha mwenyewe. Anayetaka kulia apange foleni, asukwe, alipe. Machozi hayazuii kuchana. Mumeo akiona unawakatili, mpe leso awapokee yeye. Uliyemuunguza mwombe radhi na umpake dawa, maana sikio lake halikuwa vitani. Asiyelia hana kasoro yoyote, kila mtu ana bomba lake. Wifi yako anakoroma au hakoromi? Kama anakoroma, basi, kitabu kimeshachapwa. Na ukialikwa arusini, cheza mpaka viatu vikuombe msamaha. Hukupona ili uwe kaburi la kuzuriwa.

Tuje kwa mama. Usithubutu kumdanganya. Mumeo ana moyo mzuri na ushauri mbaya. Leo utasema binti alitulia, wiki ijayo mama atauliza alikuwa amekaa na nani, nawe utaunga uongo juu ya uongo kama nywele za bandia. Mama huyo alikuja kwako kwa sababu aliona hukutia chumvi kwenye kitabu. Ulipokosea ni kusema ngoja nikumbuke. Umemweka mzazi kwenye kiti cha kungojea, naye hathubutu kuinuka.

Akija tena, usiguse chanuo. Funga mlango, geuza kiti, kaa mbele yake, mtazamane bila kioo. Mwambie, "Mama, sikumwona. Nisamehe kwa kukungojesha." Kisha nyamaza. Huyo akilia, mshike, hata jua likizama.

Akitulia, muulize binti aliitwa nani, alikuwa mcheshi au wa kununa, gauni lile nani alimshonea. Yeye amekuja akiuliza wiki zote hizo, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye.