Maturubai ya Mama na Mafuriko ya Barua Taka

Kumasi,
Jumatatu asubuhi

Kwa kaka yangu mpendwa Kwabena,

Salamu nyingi zikufikie huko Hamburg. Nataraji baridi haijakurudishia kikohozi, na kwamba shemeji na watoto wanakula na kushiba. Sisi huku tunapumua. Usishangae kupokea karatasi yenye stempu. Ukisoma hadi mwisho utaelewa, ila nakuomba ukae chini kwanza.

Unajua kwamba kazi ya maturubai na viti vya msibani aliyotuachia mama inategemea anwani yangu ya barua pepe. Watu wetu wa ng'ambo ndio wanaogharamia mazishi, na wao huagiza kwa kuandika. Mara tu nilipokataa wazo lako la kuuza kila kitu ili umalizie nyumba yako, barua taka zikaanza kumiminika. Dawa za nywele, viatu, mikopo, bima za mbwa, wanaume wanaotafuta wachumba. Nikifuta, nyingine zinaingia kabla sijanyanyua kidole.

Nami, kwa ujinga wa malezi mema, nikawa nazijibu. Mama alitufundisha kwamba salamu hairudishwi kwa kimya. Basi nikamwandikia hata yule wa bima ya mbwa, nikamshukuru, nikamweleza kuwa mbwa wetu alikufa zamani, nikawatakia heri watu wa nyumbani kwake. Kesho yake akaja na ukoo wake mzima.

Humo ndimo ilimozama barua ya familia ya Mama Nsiah ya kubadilisha Jumamosi ya mazishi. Sikuiona. Waombolezaji walikaa juani na nguo zao nyeusi na nyekundu, wengine juu ya matofali, na mimi niko nyumbani natwanga fufu. Nilipofika mbio, mkuu wa ukoo wao aliniambia mbele ya umati kwamba marehemu peke yake ndiye aliyepata pa kujinyoosha, tena kwa sababu hakunitegemea mimi. Watu wakacheka msibani. Nililia njia nzima. Wateja wakahamia kwingine, nawe ukampigia Mjomba Adusei kwa ile namba yako ya kujificha, ukamwambia biashara imenifia mikononi, iuzwe. Mjomba akaanza kukubali.

Ndipo nikaenda kwa Fiifi, fundi wa kompyuta pale Adum. Aliniuliza kama huwa namfungulia mlango kila kibaka ili nimwambie sipo nyumbani. Akanikanya nisijibu tena, wala nisibonyeze pale pa kujitoa katika barua za watu nisiowajua, maana wakiona nimebonyeza wanajua kuna mtu ndani. Akaweka vichujio, akanifungulia anwani mpya ya wateja tu, akaniapisha nisiitangaze ovyo. Kisha akasema barua zile hazikudondoka kutoka mbinguni. Kuna mtu alikaa kitako akaiandikisha anwani yangu kwenye tovuti moja baada ya nyingine. Akaniuliza, huku anacheka, Atadwe ni nani.

Kaka, nyingi ya barua zile zilianza na "Mpendwa Atadwe." Nilizisoma wakati wote huo bila kushtuka, kwa sababu ndilo jina langu. Mama aliniita hivyo kwa vile nilikuwa natafuna atadwe, zile njugu ndogo tamu, hadi kanisani, na tangu afe, amebaki mtu mmoja tu duniani anayeniita hivyo. Tovuti zilikuuliza jina, nawe kwa mazoea ukaandika unaloniita. Niliumia, halafu nikakasirika, na hasira ile haijapoa hadi leo. Sikukwambia kitu. Nilingoja.

Mjomba Adusei amefariki, kaka. Aliugua ghafla, akausia azikwe haraka, na tumemzika Jumamosi iliyopita chini ya maturubai ya mama. Kwa kuwa uliwanyima ndugu wote namba yako usije ukaombwa, ukasema mwenye shida apitie kwangu, ukoo ulinikabidhi mimi kazi ya kukuarifu. Kila walipouliza kama wewe, mpwa unayemrithi mjomba kwa mila yetu, umejibu, niliwaambia nimeandika, ila siku hizi barua huzama. Sikuwa nimeandika neno. Wazee wakasema anayenyamazia kifo cha mjomba wake hawezi kukalia kiti chake. Kiti, nyumba na shamba la kakao vimekwenda kwa Ntim, mtoto wa mama mdogo, yule uliyezoea kumwita mbeba mizigo. Kwenye mabango ya msiba yaliyobandikwa mji mzima, jina lako halimo.

Barua hii ndiyo taarifa yako. Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na ujifunike vizuri usiku. Mjomba alikuulizia hadi siku ya mwisho. Nilimwambia una kazi nyingi.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja,
Adwoa Birago