Kadi Yenye Jina Langu

Jumamosi, tarehe 3 Mei

Leo nimesukwa, na nimesukika! Msusi anasema nina nywele za msichana. Najua.

Nilikwenda na mjukuu wangu, Kibibi, maana mama yake alikuwa na nguo za kufua. Nikiwa kitini, kichwa nusu, simu ikalia. Duka la vifungo na zipu. Zipu za sketi za shule ninazoshona zipo tayari ila hawatumi mpaka nilipe. Nikasema hamna shida, mama ana kadi. Nikaitoa. Akaunti ni ya nyumba, yangu na Mzee, lakini jina lililoandikwa pale juu ni langu! Nikasoma namba moja moja kwa sauti kubwa, maana simu ilikuwa inakwaruza na mashine za kukausha nywele zinavuma. Zote kumi na sita. Tarehe ya mwisho. Hata zile tatu za nyuma. Kibibi mapajani ananiitikia kila namba kama yuko darasani.

Saluni nzima kimya. Msusi akasema, kumbe siku zote namsuka bosi! Wakacheka. Nikawaambia kadi hii alituhangaikia mwanangu, Injinia, yule anayejenga barabara. Aliyekuwa hajui, sasa anajua.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Zipu zimefika. Nimeshona mpaka kiuno kinaniita kwa jina. Mkwe wangu, mke wa Injinia, kanisaidia pindo. Mumewe akiwa huko kwenye barabara zake, yeye na Kibibi wanakaa na sisi. Ana mkono mwepesi yule, pindo limenyooka kama rula. Sijamwambia. Asije akavimba kichwa.

Jumanne, tarehe 13 Mei

Aibu! Aibu tupu!

Nimekwenda kununua majora mawili ya kitambaa cha buluu. Yameshapakiwa kwenye mkokoteni. Muuza vitambaa kachomeka kadi — imekataa. Kaifuta kwenye suruali, kachomeka tena — imekataa. Akaninong'oneza, "Mama, humu hamna kitu." Huyo ni mtu aliyezoea kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara, kunong'ona kwake kumesikika mpaka mlangoni. Nikamwambia mashine yake mbovu. Nikatoka kichwa juu. Nyuma yangu nasikia majora yanashushwa, puu, puu.

Nimefika nyumbani nimemvaa Mzee. Meseji za benki huingia kwenye simu yake. Kumbe zimejaa! Anasema alidhani ni matangazo. Miwani anayo — anaivaa kutazama mpira.

Jumatano, tarehe 14 Mei

Benki. Dada wa pale ana kucha ndefu lakini anachapa kama mvua ya mawe. Kageuza kioo tuone.

Viatu vya kike. Manukato. Viatu vya kike tena. Hoteli yenye bwawa la kuogelea!

Mzee akaniangalia. Na mimi nikamwangalia Mzee. Ndoa yetu yote ikapita pale mezani, polepole. Mwisho akasema, mimi hata kuogelea siwezi. Nikacheka.

Hela ya vitambaa imekwenda. Akiba imekwenda. Kadi wameifunga, watatupa nyingine. Watachunguza — pesa inaweza kurudi, inaweza isirudi. Dada akauliza, nani mwingine anazijua namba? Nikasema hakuna. Akasema fikiria vizuri mama, mara nyingi huwa ni mtu wa karibu.

Nimefikiria njia nzima. Nyumbani tupo wanne. Mzee. Mimi. Mtoto wa miaka minne.

Na yeye.

Alhamisi, tarehe 15 Mei

Sitaki kuwaza hivi. Binti ana adabu, hajawahi kunijibu vibaya. Lakini leo nimefagia chumba chao — nyumba si yangu? — na uvunguni kuna boksi. Viatu. Vipya, vyekundu, kisigino hiki hapa!

Nikajisemea labda vyake vya zamani. Soli haina hata vumbi.

Jioni Kibibi anacheza duka sebuleni, midoli ndiyo wateja. Nasikia, "Lipia! Nne, tano, sifuri, tisa..." Nikaacha cherehani. Ile kadi iliyofungwa bado ninayo. Nikalinganisha. Saba za mwanzo, bila kukosea hata moja! Akili hizo ni za upande wetu, hilo halina ubishi. Halafu nikajiuliza. Mtoto kazisikia wapi, kama si kwa mama yake anapozisoma kwenye simu?

Mzee anasema tulia kwanza. Huyu angetulia hata paa likiwaka moto.

Ijumaa, tarehe 16 Mei

Nimemuuliza. Sikupiga kelele, Mungu shahidi.

Alikuwa anamenya viazi. Nikasema, mwanangu, vile viatu vyekundu vizuri, vimetoka wapi? Akasema kaniletea mume wangu, mama, alipokuja mwezi uliopita. Mbona hukunionyesha? Akasema niliogopa utasema ni vya gharama.

Kweli ningesema.

Basi nikamwambia benki wanasema ni mtu wa ndani. Na kwamba mtoto anazijua namba za kadi. Akaweka kisu chini, taratibu.

"Mama, unaniuliza au unaniambia?"

Nikanyamaza. Mimi! Mimi ambaye sijawahi kukosa neno hata msibani. Kimya changu akakichukua kama jibu. Kajifuta mikono, kafungasha. Kibibi anauliza tunakwenda kwa bibi gani. Akaambiwa, bibi mwingine.

Viatu vyekundu kaviacha. Kaviweka juu ya cherehani yangu.

Jumapili, tarehe 18 Mei

Nyumba imenyamaza vibaya. Asubuhi nimepanga vikombe vinne. Mzee karudisha viwili kabatini.

Injinia kapiga simu. Mama, viatu nilinunua mimi, kwa mshahara wangu, risiti ninayo. Nikamwambia mapenzi yamekufumba macho, haya na namba mtoto kazijuaje? Akasema sijui, ila mke wangu namjua. Akakata simu. Mwanangu hajawahi kunikatia simu tangu azaliwe!

Hasira zikanipanda. Nimesema Jumapili ijayo tunakwenda kwao, mimi na Mzee, ayaseme mbele ya wazazi wake. Mzee kaniambia, ukiyasema pale, yule binti hatarudi tena humu. Wala mtoto. Nikasema basi asirudi!

Sikumaanisha. Lakini nimesema, na Mzee kesha kuwapigia. Wanatungoja.

Alhamisi, tarehe 22 Mei

Kadi mpya imekuja. Inang'aa. Sina raha nayo hata kidogo, nimeitia kwenye droo ya nyuzi. Dada wa benki anasema bado wanachunguza.

Napiga pindo mwenyewe. Linakwenda kama nyoka. Mwalimu mkuu wa shule kanirudishia sketi tatu. Tatu! Mimi!

Midoli bado imepangwa foleni pale sebuleni. Siwezi kuitoa.

Jumamosi, tarehe 24 Mei

Nimekwenda kusukwa kwa ajili ya kesho. Sitaki watu wa kwao waone nimechakaa.

Msusi kanikalisha, akauliza, "Mama, leo mwitikiaji wako umemwacha wapi?"

"Mwitikiaji gani?"

"Kibibi! Siku ile si ulikuwa unasoma namba na yeye anakujibu? Ukisema nne, nne. Ukisema tano, tano. Jamani, wiki nzima humu tulikuwa tunaimba wimbo wenu!"

Akaimba. Nne, tano, sifuri, tisa, mpaka ya saba. Mwanamke wa kiti cha pili, kichwa kimo ndani ya mashine, akaongeza ya nane. Wakacheka. Kicheko safi, cha watu wasiojua wanachocheka.

Na mimi nikacheka. Meno tu. Kwenye kioo nikaona kila kitu kama siku ile — viti vyote vimejaa, mabenchi yamejaa, mlango wazi, na mimi katikati nimeishika kadi juu kama tiketi. Mtoto mapajani. Mapajani pangu mimi. Na zile tatu za nyuma nilizisema mara mbili! Duka halikusikia vizuri, nikarudia.

Nimwite nani mwizi sasa? Nimkamate aliyekuwa anakaushwa nywele? Aliyekuwa anapita nje? Nimeshamkamata mmoja bila ushahidi, yatosha.

Nimelipa kwa noti. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani. Nimempigia mkwe wangu mara mbili, hapokei. Angepokea sijui ningeanzaje. Ningesema, mwanangu, saluni ilikuwa na watu wengi. Hapana. Hiyo siyo. Hiyo ni kama kusema mvua ilinyesha.

Vile viatu nimevifuta, nimevifunga kwenye mfuko mzuri. Vipo mlangoni.

Mzee yuko chumbani anapiga pasi shati la kesho. Hajui. Naandika hapa mezani, nikimsikia anavyorudia maneno yake kwa sauti ya chini, maana mgomvi si yeye, anajifunza ugomvi kwa ajili yangu. "Wazazi wenzetu, tumekuja kwa jambo zito..." Anarudi mwanzo. "Wazazi wenzetu..."

Sasa hivi kachungulia. Kauliza kesho nani aanze kusema, yeye au mimi.

Nimesema mimi.

Kasema afadhali, wewe ndiye mwenye sauti.

Karudi kwenye pasi. Umeme umekatika tangu saa kumi na moja, pasi imeshapoa, na bado anaipitisha juu ya shati lile lile. Sijamwambia nitasema nini.